Soksi za Sudi

Usiku ule nililala nikiwa nimeridhika, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Mdogo wangu Sudi, ambaye hujidunga unga wa kulevya, alirudi nyumbani akichechemea kidogo. Nikamuuliza hali. Akacheka.

"Dada, mgonjwa ni mwenye arosto, yule anayetetemeka na kutapika kwa kukosa. Mimi leo nimeoga, nimekula wali. Sindano yangu ni yangu peke yangu, sishiriki na mtu. Unataka uzima gani tena?"

"Basi twende hospitali wakutazame."

"Nesi aniite teja mbele za watu? Mimi mzima bwana."

Nikaenda kulala. Tangu mama alipokufa nami nikaacha shule darasa la sita ili niwalee wadogo zangu, neno hilo "mzima" ndilo lililokuwa likinipa usingizi.

Usingizini nikamwona mama. Ameketi kizingitini na beseni la maji ya moto na lile jiwe lake la kusugulia miguu, kama kila Jumamosi alipokuwa hai. Enzi zile hakutuuliza kama tunaumwa. Alituosha miguu mmoja mmoja, akipekua vidole na visigino, akajua mwenyewe. Nampa miguu yangu. Anasugua, ananiachia. Kizingiti sasa ni darasa langu la zamani, beseni liko juu ya dawati, na Sudi amekaa mbele yake, mwanamume mwenye ndevu, amevaa soksi mbili mbili. Maji yanapoa. Najua yakipoa kabisa mama ataondoka. Sijui nimejuaje.

"Na huyu?" anauliza.

"Amesema ni mzima, mama."

"Sikukuuliza amesema nini." Ananishikisha jiwe. "Wewe umeona nini?"

Naitazama miguu ya Sudi. Soksi zinalowa, na hakuna aliyezitia maji. Mvuke wa beseni umekwisha.

Nikaamka nimekunja ngumi, ndani hamna kitu. Kulikuwa kunapambazuka. Joto lilikuwa kali, na Sudi amelala mkekani bila shati, lakini soksi miguuni. Siku ngapi hajazivua? Sikuweza kukumbuka mara ya mwisho nilipoiona miguu yake.

Nikabandika maji. Yalipopata moto nikaketi miguuni pake na beseni.

"Sudi. Vua soksi."

"Dada, si nimekwambia mimi..."

"Umeniambia. Sasa nataka kuona."

Akauvuta mguu wa kushoto, akaufunika kwa kanga aliyojitandikia. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani akivunja kikombe.

"Ukiona ninapojidunga, usipige kelele."

"Sipigi. Tukimaliza tunakwenda hospitali wote wawili. Nesi akikuita teja, aniite na mimi."

Akaanza kuivua taratibu, kwani soksi ilikuwa imegandia ngozini kwa usaha wa kidonda. Nikaingiza mkono kwenye beseni. Maji yalikuwa bado ya moto.