Mkwe Hasemeshwi kwa Ajili ya Kitabu

Nakumbuka siku moja, mwaka ule tuliokula unga wa manjano. Mwanangu, kama hukuula huwezi kuujua: ulikuwa wa msaada wa njaa, ugali wake ulinuka gunia, watoto waliutema wakilia. Mwaka huo ndipo alipofika kwetu Bungoma mzungu mmoja mrefu, amekuja kuandika sarufi ya lugha yetu ya Kibukusu. Mgeni kuku mweupe. Kijiji kizima tulimfuata.

Alimchagua nyanya yangu amfundishe. Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya, alimpa maneno ya ng'ombe, maji, moto, akamcheka ulimi wake mzito. Hapo sawa. Kisha mzungu akamwona mkwe wa Kukhu, mume wa shangazi yangu, amesimama nje ya ua. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wanasemezana kwa mbali, kila mtu amegeuka kwake, au mwingine anawapelekea maneno. Mzungu akataka wasogee waongee mbele yake, yeye aandike. Akatoa gunia la unga mweupe. Mweupe, mwanangu! Mate yalinijaa.

"Kukhu, ongea tu," nikamwambia. "Ni salamu."

Akanigeukia. "Wewe msichana, tumbo limekupanda kichwani? Njaa itaisha. Uso wangu mbele ya mkwe nitauweka wapi?"

Unga mweupe ukaondoka.

Sasa niko Doha, mtaa wa Muaither, kwa mjukuu wangu Nekesa. Yuko mapokezi kwenye hoteli kule West Bay, na Kiarabu anakitema kama alinyonya nacho. Najivunia yeye, sifichi. Lakini amenichanganya kichwa. Anataka kwenda chuo kikuu Korea, na ili wamchukue, kesho kutwa atazungumza na walimu wa huko kwa kompyuta. Juu ya nini? Wazungu wa zamani walioandika sarufi za kwanza za Kikorea! Yaani Mbukusu, akiwa Uarabuni, awaeleze Wakorea habari za Wazungu waliojifunza Kikorea. Nilimwomba arudie. Akarudia. Bado sikuelewa.

Anasema wengi walikuwa mapadre na wamishonari waliosomea Kilatini, wakaipima lugha ya watu kwa Kilatini, kama fundi anayekukatia gauni kwa mwili wa jirani. Na Wakorea, kila usemalo hutegemea unamwambia nani: mkubwa, mdogo, mgeni. Hapo Wazungu wakatapatapa.

"Kama sisi na wakwe, Kukhu!" akasema, macho yakiwaka. "Mpigie anko Simiyu, nirekodi. Wakisikia hiyo, nimepita."

Simiyu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Mpaka leo salamu zake nampa binti, hata nikimsikia mwenyewe akikohoa kando ya simu.

Nikamsimulia habari ya unga mweupe, nikidhani atanyamaza. Wapi!

"Kumbe ni nyinyi!" akaruka. "Hicho kitabu nimekisoma, Kukhu. Hakina hata mstari mmoja wa wakwe. Mtu akikisoma atadhani hatukuwa na heshima."

Hilo lilinigonga. Nilikwenda jikoni nikaosha kikombe kilichokuwa safi. Kukhu wangu aliihifadhi heshima, au aliizika? Sijui. Na angeongea kwa ajili ya gunia, ingebaki heshima, au ingekuwa maigizo? Hilo nalo sijui. Tunaambiwa heshima si utumwa, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kama ni kitu cha kuonyeshwa.

Ninachokijua ni kidogo, kichukue. Ukitaka lugha ya watu, kaa nao, pika nao, wakukaripie ukiwakosea wazee wao. Kitabu kitakufikisha mlangoni; viatu utavua mwenyewe. Na ukikuta pengo kitabuni, usikimbilie kusema hapakuwa na kitu. Huenda palikuwa na mwanamke aliyekataa.

Nekesa nilimwambia hayo hayo. "Waeleze walimu wako kwamba nyanya yangu alikataa, na kwa nini. Mungu akutangulie, mama. Kila utakakofika, ulimi wako upate wa kuupokea." Nawe mwanangu unayesoma haya, dua hiyo ni yako pia.

"Amina. Lakini Kukhu, dakika moja tu."

"Simpigii mkwe wangu simu ili watu wasikilize."

"Hata nikimwomba yeye kwanza, akubali?"

"Simpigii mkwe wangu simu ili watu wasikilize."