Breki ya Kasmiri

Kwa msimu mmoja mzima Kasmiri aliringia ugonjwa wake bila kujua kuwa ni ugonjwa. Alikuwa mwana wa kijiji cha Mbingu aliyeondoka bondeni kwenda kukata mkonge upande wa Kilosa, kama walivyoondoka vijana wengi, na baada ya kukata mpaka mgongo ukakoma kumnyooka akapandishwa kazi, akawa mtu wa breki kwenye reli ndogo ya shamba. Reli yenyewe ilikuwa nyembamba, na juu yake vilipita viberenge vilivyoshusha mkonge kutoka mashambani hadi kiwandani. Kwenye mteremko Kasmiri alining'inia nyuma na kuvuta mkono wa breki. Chuma kile kilipata moto kiasi kwamba wenzake walikishika kwa gunia, yeye akakishika hivi hivi. Wakamwita Mkono wa Chuma, naye kichwa kikavimba. Akijiwa na wageni aliwaonyesha mkono huo kama mtu anayeonyesha saa mpya. Mpaka siku dresa, mfunga vidonda wa shamba, alipomfumba macho na kumpitishia unyoya wa kuku kwenye kiganja, halafu kwenye vidole, akimwambia aseme kila anapoguswa. Kasmiri alikaa kimya, akingojea dresa aanze, kumbe dresa alikuwa amekwisha maliza.

Kambi ya wagonjwa wa ukoma aliyopelekwa ilikuwa ng'ambo ya mto Lumemo, mwendo mfupi tu kutoka Ifakara. Haikuwa gereza. Ilikuwa na nyumba za udongo zilizopakwa chokaa, kikanisa, shamba la mpunga, na uzio wa seng'enge uliowekwa kuzuia nguruwe wa porini wasifukue mihogo. Lango lilikuwa wazi asubuhi hadi jioni, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko kufuli. Gerezani mtu anamjua anayemzuia. Hapa ruhusa ya kutoka ilikuwepo, ila ukitoka uende wapi? Sokoni wauza samaki walimtaka aseme shida yake akiwa mbali, na samaki mwenyewe walimwekea chini, wakarudi nyuma ndipo amwokote. Basi ikawa kawaida yake kutembea mpaka langoni, kusimama, kutazama njia ya Mbingu, na kurudi.

Kilichomwokoa asirukwe na akili ni reli. Kambini alikuta wanaume kadhaa waliowahi kufanya kazi kwenye reli za mkonge, na hao walikuwa na wazimu wao: walitengeneza vigarimoshi vya bati. Mkubwa wao alikuwa Severini, mtu wa upande wa Mahenge, aliyekuwa fundi wa kutandika reli kabla vidole vyake havijaanza kufupika. Walikuwa na banda lao nyuma ya ghala, na humo walibishana mchana kutwa. Fulgensi, ambaye aliwahi kupiga rangi mabehewa ya reli kubwa na hakuacha kulitaja jambo hilo, alitaka njia yao iwe pana. Wengine wote walikuwa watu wa reli nyembamba na walimwona anajikweza. Mtu alipopendekeza upana wa vidole vinne, Severini aliuliza vidole vya nani, kwa kuwa pale hata vinne kuvipata kwa mtu mmoja ilikuwa bahati. Walicheka mpaka wakashika matumbo, kisha wakakubaliana upana uwe urefu wa kiberiti.

Kila mwaka, siku ya Kupalizwa Mama Maria, walishindana. Njia yao ya mianzi iliyopasuliwa ilianza juu ya kichuguu, ikateremka, ikapinda kwenye mgomba, ikafika mahali walipopaita stesheni. Kila mmoja aliachia kiberenge chake kutoka juu, kikiwa kimebeba mchele. Kilichofika bila kuanguka na kumwaga mchele kidogo kuliko vingine ndicho kilichoshinda. Zawadi haikuwa kitu cha kula wala kuvaa. Mshindi aliipa stesheni jina, na jina hilo lilikaa mwaka mzima. Shida ni kwamba hakuna kiberenge kilichojua kusimama. Vyote vilifika vikajipigiza kwenye kifuko cha mchanga, na nusu ya mchele ikaruka.

Banda lile lilikuwa na sheria moja tu, na haikuandikwa mahali. Hakuna aliyeshika moto peke yake. Mikono yao haikuwa na habari ya moto, kwa hiyo kila aliyelehemu alikuwa na mwenzake wa kumtazama, waliyemwita jicho. Kazi ya jicho ilikuwa kukaa na kusema "Mkono" kila kiganja kinaposogelea makaa au chuma cha kulehemu. Jicho la Kasmiri lilikuwa Severini, na jicho la Severini lilikuwa Kasmiri. Walikuwa washindani wakubwa na kila mmoja aliijua kazi ya mwenzake kwa ndani na nje, tena walitukanana kwa furaha. "Mkono, mla kambale," Severini angesema. "Mkono wako mwenyewe, mtu wa milimani," Kasmiri angejibu.

Mwaka huo wa hamsini na sita, vidonge vipya vilikuwa vimeulaza ugonjwa wa Kasmiri. Vipimo vyake vilitoka safi. Daktari aliyekuja kambini kwa nadra alimgeuza mikono huku na huku, akamwambia kwamba safari ijayo, siku inayofuata sikukuu, akimkuta hana kidonda ataondoka. Mwenye kidonda hakuruhusiwa, kwa sababu kidonda kisichouma mtu hukisahau, na nyumbani hakuna wa kukisafisha kila siku mpaka kipone. Kasmiri alituma habari Mbingu kwa dereva wa lori la mpunga. Jibu likarudi kwa dereva huyo huyo: mkewe Aurelia atakuja kumchukua, amshonee shati tu kwanza.

Tangu hapo alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Hakulima bila kuvaa viatu. Hakushika sufuria. Usiku alijichunguza kidole kwa kidole kwenye mwanga wa kibatari. Mtu mwenye akili zake angekaa kitako akangoja sikukuu ipite. Lakini Kasmiri alikuwa mtu wa breki, na kichwani mwake alikuwa na breki. Chini ya behewa alitaka kulehemu ulimi wa bati ambao ungegonga kijiti cha stesheni, ukavuta kipande cha ngozi ya kiatu, nacho kikabana magurudumu pole pole. Alitaka kuondoka akiwa ameacha jina. Zaidi ya hayo alitaka kuona uso wa Severini kiberenge kitakaposimama chenyewe. Na uso huo hauwezi kushangaa kwa jambo ambalo macho yake yamelitazama likitengenezwa.

Mkesha wa sikukuu, mchana, kambi nzima ilikuwa imepanga foleni kanisani kuungama. Severini alikuwa katikati ya foleni. Kasmiri alisema tumbo linamsokota, akaenda bandani, akachochea makaa.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Ulimi ulishika mara ya kwanza, na alipousukuma kwa kidole magurudumu yalikaza kama alivyotaka. Alikuwa akipiga mluzi. Ikamjia harufu ya nyama ya kuchoma, akafurahi, akakumbuka kuwa kuna ng'ombe wa sikukuu na kwamba wachinjaji hawakosi kujionjesha mapema. Mate yakamjaa. Aligeuka kutazama moshi unatoka upande gani, na ndipo alipouona mkono wake wa kulia umeegemea chuma cha kulehemu, umetulia kabisa, kama mkono wa mtu anayesikiliza hadithi.

Hakupiga kelele, kwa sababu haukuuma. Alitamani uume. Alikaa akiutazama mkono ule, ngozi ya vidole viwili imegeuka nyeupe kisha nyeusi, akahisi kuta za banda zinamsogelea. Alilia kwa hasira, akaufunga ngumi, na hakuifungua tena siku ile.

Asubuhi ya sikukuu, baada ya misa, kichuguu kilizungukwa. Sista Scolastica, mlezi wa wagonjwa na mwamuzi wa mashindano, alisimama stesheni akiwa ameshika kikombe cha kupimia mchele. Kiberenge cha Fulgensi kilianguka kwenye mgomba, watu wakamuuliza kama huko kwenye reli kubwa ndivyo wanavyofanya. Cha Severini kilipinda vizuri, kikafika, kikajipigiza, kikamwaga kidogo sana. Watu wakaanza kumpongeza. Kasmiri akapanda kichuguu na kuachia chake kwa mkono wa kushoto.

Kiliteremka kikilia chikichiki. Kilipinda. Kilifika kwenye kijiti, kikapunguza, kikapunguza tena, kikasimama mbele ya stesheni bila punje moja kudondoka. Kisha wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakagonga bakora chini, na Sista akamuuliza mshindi stesheni iitweje. "Mbingu," akasema Kasmiri.

Severini hakuwa akikitazama kiberenge. Alimvuta pembeni.

"Fungua mkono."

"Niache, bwana."

"Tangu lini unaachia kwa kushoto? Fungua."

Akaufungua. Severini aliutazama muda mrefu.

"Jicho lako lilikuwa nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Mimi nilikuwa ndani ya kanisa, ndugu yangu, nakuombea safari njema," alisema Severini. "Ulidhani nitakuibia breki? Mimi niibe, niipeleke wapi? Ndugu zangu wamekwisha gawana shamba langu. Nilitaka mmoja wetu atoke." Alipomaliza alikwenda kukaa ndani ya banda, na siku nzima hakula nyama ya sikukuu.

Kesho yake daktari hakumgombeza mtu. Aliuchukua mkono, akausafisha, akaufunga bendeji, akasema si safari hii. Angerudi kabla ya Noeli, na kama Lumemo itakuwa imejaa, basi baada ya Pasaka. Kasmiri alijua, kama alivyojua kila mtu wa bonde lile, kwamba kwa Noeli Lumemo hujaa. Alitoka nje, akasimama kwenye stesheni iliyoandikwa Mbingu kwa mkaa, akatamani kuifuta kwa mguu.

Aurelia aliingia langoni mchana huo na vumbi la njia nzima miguuni, shati jipya kalikunja ndani ya kanga. Alimwona mumewe amekaa mbele ya nyumba, akaona bendeji. Aliketi kwenye mkeka akiwa bado na mzigo mapajani.

"Wamekukatalia," alisema.

"Nimejikatalia mwenyewe, Mama Rosa." Akamweleza yote, hata ile harufu iliyomtia mate.

Aurelia alisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angeipandisha. "Mimi nimejibu watu miaka yote hii. Wanasema niolewe, nasema nina mume. Juzi Rosa ametandika kitanda chako. Na wewe umeniuza kwa kopo la maziwa lenye magurudumu."

Kasmiri alimtolea kile kiberenge, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa. Aurelia aliketi akikigeuza, bado amekasirika, akasukuma ule ulimi kwa kidole, magurudumu yakakaza. Akausukuma tena.

"Kinasimama chenyewe," alisema.

"Ndiyo."

"Na huko nyumbani ukija, ukikaa jikoni na mimi sipo, utasimamishwa na nani?"

Severini, aliyekuwa akipita na kujifanya haoni, ndiye aliyejibu. Alisogea, akaamkia, akasema, "Shemeji, kazi hiyo hufundishwa." Akamweleza habari ya jicho. Jioni ile Aurelia alikaa bandani akiwatazama wanaume wawili wakilehemu, naye ndiye aliyesema lile neno la jicho. Mwanzoni alichelewa, halafu akasema mno, Severini akamwambia asiwe kama kasuku. Kufikia giza alikuwa amelipata. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mama anayemwambia mtoto aondoke kwenye kisima.

Asubuhi aliondoka. Shati alimwachia. Kiberenge alikifunga ndani ya kanga, akajitwisha kichwani juu ya kata, ampelekee Rosa. Kasmiri alimsindikiza mpaka langoni, na pale akasimama kama kawaida yake. Kisha hakuweza kubaki pale. Aliufuata uzio kwa ndani, sambamba na njia, akimwona mkewe katikati ya nyasi, mpaka kwenye pembe ambako uzio unaishia na njia inakata kwenda mtoni. Kitu alichokitengeneza kwa mikono yake kilikuwa kinakwenda nyumbani, na mikono imebaki.

Aurelia aligeuka kwenye kona. Alimtazama, akasema kitu. Kasmiri alidhani anaagwa, akainua mkono wa kushoto. Mkewe hakuupungia. Alitua mzigo, akarudi hatua kadhaa, akasema tena, safari hii akasikika.

"Mkono, Baba Rosa."

Akatazama chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeikamata seng'enge kwa nguvu zake zote, mwiba umepita katikati ya bendeji, na damu ilikuwa inateremka kwenye waya bila yeye kuwa na habari. Akaanza kuufungua, kidole kimoja kimoja. Aurelia alimsubiri mpaka alipoachia kile cha mwisho, ndipo alipojitwisha mzigo wake na kwenda.