Njia Ambayo Pikipiki Haikupita

Swali lililoninyima usingizi kwa karibu wiki mbili lilikuwa hili: ile njia niliiona nikaiacha, au sikuiona kabisa? Mtu mwingine angesema hakuna tofauti, maana mchoro ulikuwa umeshabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa na njia haimo. Kwangu tofauti ilikuwa kubwa. Kama sikuiona, basi nilikuwa mzembe tu, na uzembe wa mtu mgeni kazini husameheka. Kama niliiona, basi mimi ni mtu wa namna nyingine, na mtu huyo sikutaka kumfahamu.

Nilisomea mipango miji. Nilipomaliza nilikaa kijijini kwetu Mamba mwaka mzima, nikiwasaidia wazazi mashamba ya mpunga na kukwepa majirani waliokuwa wakiniuliza baada ya misa, "Msomi, bado tu?" Kisha kampuni ndogo ya upimaji wa ardhi pale Mpanda ikanichukua nijitolee. Kazi yetu ilikuwa kurasimisha mtaa mmoja wa pembezoni, upande wa kuelekea Mwamkulu, ambako watu walikuwa wamejenga wenyewe kabla ya kupimiwa. Tulitakiwa tuchore nyumba zilipo na barabara zitakapopita, ili baadaye kila mtu apate kiwanja chenye namba na hati yake.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba karatasi yangu ya kumalizia chuo ilihusu watu wanaotembea kwa miguu. Niliandika kurasa nyingi kwamba safu za viwanja ziwe fupi, pawe na vichochoro vya kukatiza, nyumba zitazame njia ili anayepita aonekane na asalimiwe, na miti ya kivuli ipandwe pembeni. Msimamizi wangu aliandika kwa kalamu nyekundu, "Vizuri sana." Ile karatasi niliibeba kwenye begi hadi Mpanda. Niliamini kwamba nikipewa mtaa wa kuchora, mtaa huo utatembeka.

Nikapewa mtaa, nikaupima nikiwa nimekaa nyuma ya bodaboda.

Ndivyo kampuni ilivyozoea. Dereva anapita kila mahali panapopitika, wewe nyuma umeshika kifaa kinachorekodi mlikopita, na jioni mistari ile inakuwa barabara za mchoro. Mtaa wote tuliumaliza kwa siku moja na nusu. Pikipiki ilipopita pakawa barabara. Iliposhindwa kupita hapakuwa kitu. Dereva alikuwa baba wa watoto wanne, mcheshi, aliyejua kila korongo. "Dada, wewe shika tu hicho kidude," aliniambia. "Mimi nikikwama, ujue hapo ni shamba la mtu."

Alikwama mahali pamoja. Kati ya nyumba mbili palikuwa na njia nyembamba iliyoshuka kwenye korongo dogo, ikavuka juu ya magogo mawili, ikapanda kati ya matuta ya viazi na kutokea nyuma ya zahanati. Pikipiki isingeweza kuvuka magogo yale. Haya yote nilikuja kuyajua vizuri baadaye. Kuhusu siku yenyewe nilikuwa nikijiambia kwamba jua lilikuwa kali, nilikuwa na kiu, na sikumbuki hata kushuka.

Ofisini, mahali pale palibaki uwazi kati ya viwanja. Bosi akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Hili pengo la nini?"

"Sina uhakika," nikasema.

"Kama huna uhakika, funga. Watazunguka. Mungu aliwapa miguu ya nini?"

Nikafunga. Viwanja viwili vikanenepa, vikagusana, na safu nzima ikawa ndefu na imenyooka kama kamba ya fundi. "Hapo sasa umechora," akasema. Furaha niliyoipata kwa neno lile ilinidumu siku nzima. Naionea aibu furaha ile kuliko ninavyouonea aibu mstari wenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mjini karibu na stendi. Mchoro ulipoenda kubandikwa, bosi alitaka mtu akae karibu na mtaa kujibu maswali ya wananchi, basi nikahamia kule kule. Chumba nilikipata kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, mkulima, aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na uraia akaupata akiwa tayari ana wajukuu. Alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona. Kila baada ya siku moja ilimbidi aende zahanati kusafishwa na kufungwa upya. Siku ya kwanza aliponionyesha choo, bafu na kamba ya kuanikia, alinionyesha pia njia. "Zahanati ni hapo tu," akasema. "Ukiumwa hata kwa kutambaa utafika."

Nilitazama mahali aliponyoosha kidole. Nikaona magogo mawili. Ndipo palipokuwa lile pengo nililolifunga.

Wiki iliyofuata, jirani wa upande wa pili wa njia akaanza kuchimba msingi wa ukuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuona mchoro, ameona kiwanja chake kimefika hadi kwa jirani, na akaona awahi kabla ya mvua. Alirundika tofali zake juu ya njia. Bibi alipomwomba apite, akamsaidia kuruka mtaro huku amemshika mkono, akamwambia kwa upole, "Mama, mimi sina ubaya na mtu. Mchoro ndio umesema."

Kuanzia siku ile bibi akawa anazunguka. Kuzunguka maana yake ni kurudi nyuma hadi barabara kubwa, kutembea ukingoni mwa mtaro huku malori ya mpunga yakikupita na kukumwagia vumbi, kisha kuingia tena ndani kwa barabara pana niliyoichora mimi, pana kweli kweli, iliyosubiri magari ambayo mtaani pale hakuna anayeyamiliki. Nilihesabu hatua. Kwa njia ya magogo zilikuwa mia nne na kidogo. Kwa kuzunguka zilipita elfu mbili. Nilihesabu mara ya pili kwa sababu sijiamini, na jibu lilikuwa lile lile.

Alikuwa akirudi kitambaa kipya cha kidonda kimeshakuwa chekundu kwa vumbi. Baadaye akaanza kuruka siku. "Leo nimepumzika," alisema, kana kwamba kidonda nacho hupumzika.

Nami nilikuwa nafikiri. Kufikiri ndiyo kazi ninayoiweza. Niliandika ujumbe kwa bosi na kuufuta, nikaandika mwingine, nikaufuta. Niliwaza kwamba nikisema, kampuni itapoteza heshima na mimi nitarudi Mamba kujibu "bado tu?" Niliwaza kuhusu jirani na msingi wake. Kisha nikawaza kwamba labda kukiri ni kujitafutia sifa tu, na nikajiona mwerevu kwa kuwaza hivyo, na siku nyingine ikapita. Mchoro ulikuwa unabaki ukutani kwa muda maalumu ili mwenye pingamizi aandike. Baada ya hapo unapelekwa kuidhinishwa, na mawe ya mipaka yanachimbiwa. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Jioni hiyo tulikuwa tunachambua maharage uani. Sikuzote yeye huchambua harakaharaka na mimi taratibu.

"Wewe," akasema, "leo siku ya ngapi hunitazami usoni? Nimekukosea nini kwenye nyumba yangu?"

"Hujanikosea, bibi. Mimi ndiye niliyechora."

"Umechora nini?"

"Mchoro. Njia yako nimeifunga mimi. Nadhani sikuiona. Tulipita na pikipiki, na pikipiki ilikuwa haiwezi..."

Akaacha kuchambua. Kisha akacheka, kicheko kidogo kisicho na ubaya, na hicho ndicho kilichonimaliza.

"Hukuiona? Mwanangu, si ulishuka? Nilikuwa hapo naanika mihogo. Ulishuka, ukasimama katikati ya njia, na kofia yako umeishika mkononi hivi, unajipepea. Ukaniamkia. Nikaitika. Nikakuuliza, unakwenda zahanati? Ukasema, hapana bibi, napita tu."

Nikakumbuka. Haikuja polepole, ilikuja nzima: kofia mkononi, harufu ya mihogo, alama za kandambili kwenye udongo, nyingi, za wakubwa na za watoto, na mimi nikizitazama. Nikakumbuka hata nilichokiwaza: kwamba nikiirekodi hii itanibidi niitembee hadi mwisho kwa miguu, katika jua lile. Dereva alipiga honi. Nikapanda.

Basi swali langu la wiki mbili lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limekaa mbele yangu muda wote likichambua maharage.

"Ulinijua tangu nilipokuja kupanga?"

"Sauti niliijua. Nilidhani umeiandika. Mtu akisimama juu ya njia na kusalimia watu wa hapo, si ameiona?"

"Mbona hukusema kwenye mkutano wa mtaa, siku mchoro ulipobandikwa?"

"Mkutanoni nyie mliuliza, nani ana shida na barabara? Mimi na barabara hatuna shida. Sina gari." Akacheka tena. Kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Na hata ningenyoosha mkono. Mimi mtu wa Katumba. Kabla ya njia wataniuliza karatasi za uraia. Karatasi ninazo, ziko kwenye sanduku. Ila kuulizwa kunachosha, mwanangu. Bora nizunguke."

Niliokota punje iliyoanguka, nikaipangusa vumbi, nikairudisha kwenye ungo.

Asubuhi nilichukua tepu ya kupimia, nikamwomba bibi anishikie upande mmoja. Tulianzia kwenye kibaraza chake. Nilitembea nikiandika upana kila mahali palipobadilika. Tulipofika kwenye tofali, jirani alikuwa ndani ya mtaro wa msingi, jembe mkononi.

"Tena mnapima nini? Mchoro si umesema?"

"Mchoro hausemi, baba. Nilisema mimi." Nikanyoosha kidole kwenye tofali. "Hapa pana njia. Niliiona nikaiacha."

Alinitazama, akamtazama bibi aliyeshika ncha ya tepu, akautazama mtaro wake.

"Na jasho langu hili?"

"Sijui," nikasema. Lilikuwa jibu pekee la kweli nililokuwa nalo.

"Nyie wasomi mnatuchezea," akasema, akachomeka jembe kwenye udongo na kwenda kukaa kivulini. Alikuwa na haki. Niliuruka mtaro wake, nikampa bibi mkono, tukaendelea hadi magogoni, hadi viazini, hadi nyuma ya zahanati. Nilimwacha akafungwe kidonda, mimi nikaenda ofisi ya mtaa.

Mtendaji wa mtaa alinikaribisha kwa furaha, akidhani nimeleta taarifa ya kampuni. Nikaomba daftari la pingamizi. Kurasa zote zilikuwa tupu.

"La nini tena? Si wewe ndiye uliyechora?"

"Ndiye mimi."

"Sasa unajipinga mwenyewe?" Watu wawili waliokuwa kwenye benchi wakisubiri barua wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Huyu elimu imempita kimo." Masikio yaliniwaka. Nilitamani kuwaeleza kwamba hata mimi nilikuwa nimeliwaza hilo, mara nyingi kuliko wao. Nikainama nikaandika.

Kwenye safu ya jina la mwenye pingamizi niliandika majina yangu yote matatu. Kwenye safu ya eneo niliandika namba za viwanja vile viwili vilivyonenepa. Kwenye safu ya sababu niliandika kwamba hapo pana njia ya miguu ya kwenda zahanati, inayotumika kila siku, kwamba vipimo vyake nimeviambatanisha, na kwamba mchoraji aliiona wakati wa kupima. Nikaweka sahihi, nikamwomba mtendaji agonge muhuri. Kisha nikatoka nje, nikasimama juani, nikampigia bosi simu kabla hajaambiwa na mtu mwingine.