Baiskeli ya Marehemu

Tulipomzika baba kihambani, shambani kwetu pa ukoo huko Machame, baba mkubwa hakungoja hata matanga yaanuliwe. Alishika baiskeli ya marehemu akasema, "Hii ni ya Kifaransa. Naenda kuiuza Moshi mjini." Mama alimwacha aichukue. Mjane atambishia nini shemeji yake mbele ya ukoo?

Mimi nilikuwa nimeshaichunguza. Nilikwangua rangi, nikampelekea picha mkusanyaji mmoja wa baiskeli za zamani huko Ufaransa. Alinijibu kwamba kama ni ya Kifaransa kweli, kikombe cha chuma kinachoshikilia ekseli ya pedali, upande wa mnyororo, hufunguliwa kwa kuzungusha kushoto. Hizi za Kihindi tulizozoea hufunguliwa kulia.

Baba mkubwa alitaka kukifungua kikombe hicho aisafishe baiskeli kabla ya kuiuza. Akazungusha spana kulia. Kikagoma. Akachomeka bomba kwenye spana apate nguvu zaidi. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi, alinitazama; yeye nilishamwambia habari ya kushoto na kulia.

"Ni kutu tu, baba mkubwa," nikasema. "Ongeza nguvu."

Fremu ilipasuka kwa mlio uliowatimua kuku hadi migombani.

"Hongera," nikamwambia. "Sasa tuna uhakika ni ya Kifaransa."