Do ya King'ora

Mimi ndiye mwalimu wa muziki wa kidato cha kwanza, na sikio la muziki sina. Kinanda cha shule kilipoharibika, nilikosa pa kuipata Do, noti ya kuanzia wimbo, mpaka nilipogundua kwamba king'ora cha shamba la ngano la jirani, kile cha chai ya saa nne, hulia sauti ileile kila siku. Basi tukawa tunakisubiri. Kikilia, watoto wanaidaka Do yao na kuimba vizuri ajabu, sifa napewa mimi.

Juzi wazazi walialikwa kusikiliza. Kwa shukrani nikamwalika pia Mzee Safari, anayekipiga king'ora, nikamketisha mbele kabisa.

Saa nne nikainua mikono. Kimya. Watoto wote wakageukia dirisha la upande wa shambani. Mkuu wa shule akakohoa. Mikono bado iko juu, jasho linanitiririka.

Kiranja wa kwaya akanionea huruma. "Shikamoo, babu. Tunasubiri king'ora."

"Marahaba, mjukuu." Mzee Safari akasimama, uso umemng'aa. "Kumbe siku zote mwalimu wenu ni mimi! Ngojeni nikakipige."

Wazazi wakampigia makofi. Na mimi nikapiga, kwa nguvu kuliko wote.