Bei Niliyoitaja Langoni

Nyumba yangu ndiyo ghorofa ya pekee upande wa chini wa soko la Ndhiwa, na sioni kwa nini nianze na jambo lingine. Niliondoka hapa na mashati mawili. Mombasa nilifunga nyaya za umeme mchana, jioni nikasomea diploma, na baada ya miaka kumi na minne nikarudi na cheti ndani ya fremu, gari langu mwenyewe, na pesa za kununua ploti bila kumwomba mjomba wala mwanasiasa. Wanaosema najisifu wanasema kweli. Kwetu asiyejisifu husifiwa siku ya mazishi yake, na wakati huo hasikii.

Mwaka wangu wa pili nyumbani, kaunti ilitangaza orodha mpya ya uthamini. Hilo ni daftari linaloonyesha kila ploti na thamani ya ardhi yake, na thamani hiyo ndiyo inayoamua kodi ya ardhi, ile tunayoiita reti. Mwenye ploti hupewa siku chache za kulikagua na kulipinga. Siku zikipita, kilichoandikwa kimeandikwa.

Jirani yangu ni mjane, fundi wa kushona nguo, mwenye cherehani moja na shamba dogo la maharagwe nyuma ya kibanda chake. Alikuja kwangu na notisi yake mkononi.

"Nyathina," akasema. Mtoto wangu, maana yake. Ndivyo anavyomwita kila mtu ambaye hajaota mvi. "Wewe ndiye umesoma. Hii namba ni ya nini? Ya simu?"

"Ni thamani ya ploti yako, mama."

"Hii ploti yangu ya maharagwe?"

"Hiyo hiyo."

"Basi wameona kitu huko chini ambacho mimi na jembe langu hatujafikia."

Alicheka, lakini hakuketi. Reti yake ilikuwa inapanda zaidi ya mara mbili. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa amemsumbua kwa muda mrefu auze nusu ya ploti kwa rafiki yake, kwa madai kwamba mwanamke peke yake hataweza kuilipia. Sasa kaunti ilikuwa imempa shemeji huyo hoja iliyopigwa chapa. Nusu ya ploti ingeenda na maharagwe yote, na pengine kibanda pia.

"Mama, nenda ukalale," nikamwambia. "Hii naimaliza kesho."

Kesho yake nikaendesha gari hadi Homa Bay, nimevaa koti, nakala ya diploma ndani ya bahasha. Sijui nilidhani diploma ya umeme ingefanya nini katika ofisi ya ardhi, ila sijawahi kuingia ofisi ya serikali bila hiyo. Afisa wa uthamini alikuwa dada kijana, mtaratibu. Nilimhubiria karibu nusu saa. Nikamwambia mstari wetu wa ploti una udongo mweusi unaomeza gari wakati wa mvua, hauna mtaro, hauna taa ya barabarani. Nikamuuliza ni mtu gani mwenye akili timamu angeipa ardhi ile bei kama ile.

Alinisubiri nimalize, kisha akafungua faili.

"Mkubwa, tunapokadiria ploti tunatafuta nyingine ya karibu iliyouzwa juzi juzi, tunalinganisha. Kwenye mstari wenu tulipata moja tu. Iliuzwa milioni mbili. Mnunuzi mwenyewe aliwaambia maafisa wetu."

"Mnunuzi gani huyo mjinga?"

Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Mwenye ghorofa."

Nikawakumbuka. Wanaume wawili wenye jaketi za rangi ya chungwa, na utepe wa kupimia, walisimama langoni kwangu wakisifia nyumba. Wakauliza ploti ilinigharimu ngapi. Nilidhani ni madalali wanaotafuta ardhi, na mtu hamwambii dalali bei ya kweli. Nikasema milioni mbili, nikawapa na soda baridi. Bei hiyo hiyo nilikuwa nimeitaja kwa kinyozi, kanisani, na kwa wakwe zangu. Kweli yenyewe ni kwamba nilinunua laki nane, tena baada ya kubembeleza hadi muuzaji akachoka.

"Bado unaweza kupinga," dada yule akasema. "Leta mkataba wa mauzo. Lakini ujue pingamizi zinasikizwa na jopo ukumbini huko kwenu, mbele ya watu."

Nilirudi kwenye gari nikakaa humo bila kuwasha injini. Nakiri ile namba ilinipendeza. Milioni mbili, kwa wino, katika daftari la serikali. Reti yangu ningeilipa bila kuumia. Ningenyamaza tu, jina langu lingebaki lilivyo, na mama fundi angeambiwa kwamba nilijaribu. Kilichonichoma ni kwamba maafisa walikuwa wamefanya uvivu wa kutafuta bei ya kweli, wakaniachia mimi niwe kisingizio. Mimi najisifu kwa jasho langu. Sifa zangu haziwezi kuwa panga la kumkatia mjane ploti.

Nikaenda Migori, ambako wakili aliyetuandikia mkataba alikuwa amehamishia ofisi yake. Karani wake aliitafuta nakala, akaisoma bei, kisha akatazama koti langu.

"Ile ghorofa ya Ndhiwa si ndiyo hii?"

"Piga muhuri, ndugu yangu."

Siku ya kusikizwa ukumbi ulijaa. Mama fundi aliketi mbele na notisi yake mapajani. Shemeji yake aliketi nyuma, miguu imenyooshwa, kama mtu anayesubiri chakula kiive. Nilipoitwa, kinyozi akapaza sauti: "Mpisheni milioni mbili apite!"

Niliusoma mkataba bila kuruka neno. Nilipofika kwenye bei, ukumbi ukalipuka. Mtu akaita, "Jasunga!" Kwa Dholuo ndiye mwenye majivuno. Mwingine akauliza kama hata gari ni la kuazima.

Mwenyekiti wa jopo akagonga meza. "Kwa hivyo uliwadanganya maafisa wetu?"

"Nilijisifu, mheshimiwa. Mtu kujisifu langoni kwake si kosa. Kosa ni la aliyesikia majivuno akayaandika na kuyaita soko. Uhamisho wa ploti hii uko katika ofisi ya ardhi. Ushuru wa stempu nililipa kwa bei ya laki nane. Waliona ni mbali kwenda huko?"

"Lakini una ghorofa."

"Ninayo, na ni nzuri. Ila daftari lenu, ukurasa wa kwanza, linasema thamani ya ardhi bila majengo. Msitazame juu, mheshimiwa. Tazameni chini. Huko chini ni matope."

Watu wakapiga makofi, hata walewale waliokuwa wakinizomea. Mwanajopo mmoja mzee akaomba kuuona mkataba, akausoma kwa ncha ya kidole, akanong'ona na mwenyekiti.

"Na hii laki nane," mwenyekiti akauliza, "ndiyo bei ya mwisho, au tutaambiwa nyingine kanisani?"

"Ndiyo ya mwisho."

"Hatujasikia huku nyuma!" kinyozi akaita. "Rudia!"

Nikageuka nikawatazama wote. "Laki nane!" nikasema kwa sauti ambayo hata sokoni ilisikika. "Na ghorofa nimejenga. Wewe msingi wako uko wapi?"

Jopo likaamuru mstari wetu wote ukadiriwe upya. Tulipokuwa tunatoka, mama fundi alinishika mkono. "Nyathina, laki nane? Na mimi nilikuwa nakushonea suruali kwa bei ya matajiri."

Barua ziliwafikia watu baada ya wiki kadhaa. Mama fundi aliniita nimsomee yake. Thamani ilikuwa imeshuka hadi karibu na ile ya zamani, na reti ilikuwa kiasi ambacho cherehani yake ingeweza kukilipa. Akaniambia nisome tena, polepole. Kisha akachukua simu, akaiweka kwenye spika juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Shemeji, ile barua imekuja. Hapana. Siuzi. Hata nusu. Hata kipande cha kuzika kuku. Rafiki yako mwambie ardhi iko huko mbali Kisegi, aende akatafute. Nani kanidanganya? Hakuna, shemeji. Imeandikwa, na mtu yuko hapa ameisoma mara mbili."

Akakata simu, akaweka mguu kwenye kanyagio, cherehani ikaanza kulia.