Siku Bando la Shangazi Akenete Lilipokwisha

Shangazi Akenete hajui kusema hapana. Mtu akimwomba panga, anatoa panga. Akiombwa mkeka aliousuka miezi miwili, anaukunja, anautoa, halafu anaanza kusuka mwingine. Kisiwani kwetu Nonouti ombi la ndugu linaitwa bubuti, na bubuti haikataliwi. Ukikataa, aibu inakufuata mpaka kwa wanao. Wengine wana ujanja wao, wanaficha baiskeli, wanaficha tumbaku, ili wasiombwe. Shangazi hafichi kitu. Nimeishi naye tangu nilipoacha shule darasa la sita nije kumsaidia kazi za magimbi na nguruwe, na sijamwona akificha hata kijiko.

Ndiyo maana Alhamisi ile mchana, Beniamina, mtoto wa kaka yake, alipotokea na kompyuta ya kukunja kwapani, niliogopa hata kabla hajafungua mdomo.

Simu ya Shangazi ilikuwa na giga tatu. Alizinunua kwa vocha ya mwisho ya dukani. Kopo la vocha lilibaki tupu juu ya kaunta na meli ilikuwa ya Jumanne. Giga zile zilikuwa za Teretia, binti yake wa miaka kumi na sita, aliyepelekwa hospitali ng'ambo kwa sababu mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri. Mama Meeri, mdogo wake Shangazi, alikuwa naye huko, na alikuwa ametuma ujumbe: daktari wa upasuaji atapiga Ijumaa saa nne asubuhi, kwa picha. Anataka amwone mama mzazi usoni, amweleze, asikie ndiyo yake. Asipompata, zamu inakwenda kwa mtoto mwingine na daktari anarudi kwao mpaka mwezi wa nane. Sisi tulikuwa mwezi wa tano. Nesi wetu alikuwa ameshasema kwa sauti ya chini kwamba moyo ule hauwezi kungoja mwezi wa nane. Zahanati ilikuwa na redio ya upepo tu, na redio haionyeshi uso.

"Mauri, Shangazi," Beniamina alisalimia, akakaa mkekani. "Nina bubuti ndogo."

"Sema, mwanangu."

"Hotspoti. Natuma barua moja tu ya kuomba kazi ya kuchuma matunda Australia. Maneno hamsini. Hata nzi anakula zaidi ya hapo."

Shangazi aliitazama simu. "Kesho daktari wa Teretia anapiga."

"Barua, Shangazi. Si sinema."

Akacheka mwenyewe. Shangazi akawasha.

Beniamina aliandika akiwa amekunja uso, akatuma, akapiga makofi. Kisha akala wali na samaki wetu, akalala palepale na mkono machoni. Kompyuta aliiacha wazi. Mimi nilikuwa napepeta mchele pembeni na niliona kiduara kidogo kwenye kioo chake kinazunguka, kinazunguka. Niliigusa simu ya Shangazi. Ilikuwa ya moto kama jiwe la tanuri ya ardhini. Nilitaka kumwamsha Beniamina nimuulize kile kiduara ni cha nini, lakini mtoto haingilii bubuti ya wakubwa. Nilirudi kwenye mchele wangu. Alipoamka jua lilikuwa limeshuka. Akashukuru, akaomba na papai, akaondoka nalo.

Asubuhi ya Ijumaa saa mbili Shangazi alioga, akavaa gauni la kanisani, akanipa simu nimsomee maandishi yaliyoingia. Nilisoma mara mbili kimoyomoyo kwanza.

"Inasemaje?"

"Inasema bando limekwisha, Shangazi."

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri. Na zile dola saba zilizobaki za salio nazo zimekwisha. Inaonyesha sifuri. Na chaji ni ishirini na moja."

Nje mawingu yalikuwa mazito, na paneli yetu ya jua bila jua ni bati tu. Shangazi hakulia. Alikaa chini na gauni lake safi, akashika magoti. Nikafikiria kile kiduara. Nilikiona. Nilikaa nacho mchana mzima, nikanyamaza.

Tukaenda dukani mbio. Vocha hakuna. Mwalimu? Alikuwa amekwenda kwenye mkutano upande wa kaskazini na simu yake. Vijana wa maneaba, wale wanaolala kwenye nyumba ya mikutano na simu zao vifuani? Wote bando zimekata tangu Jumatatu, wanangoja meli. Mmoja akasema, "Mjaribu Nei Katiria," na wenzake wakaangua kicheko, kwa sababu Nei Katiria, yaani Bi Katiria, jirani yetu muuza mikate, ndiye mchoyo wa kijiji. Simu yake ilikufa Krismasi. Ukimwomba akusaidie, anakuonyesha kioo cheusi na kusema, "Imekufa, mwanangu. Ilizama."

Saa tatu ilikuwa imepita. Shangazi aliegemea mnazi, akawa anapumua kama mtu aliyepiga mbizi ndefu.

"Shangazi," nilisema. Sauti ilinitoka ndogo. "Simu ya Nei Katiria haijafa."

"Nini?"

"Nikiwalisha nguruwe wetu namwona nyuma ya banda lake la nguruwe. Anaangalia watu wanacheza ngoma. Anacheka peke yake."

Nilijua ninachofanya. Siri ya mtu ni kama nguo yake, na mimi nilikuwa nimemvua. Shangazi alianza kutembea, halafu akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia kwenda kuomba. Watu ndio huja kwake.

Nei Katiria alikuwa anakanda unga. Hakuinua kichwa.

"Mkate bado, Akenete."

"Sikuja kwa mkate. Nimekuja kwa bubuti. Hotspoti."

"Imekufa. Iliz—"

"Ni Teretia," Shangazi alisema, akapiga magoti kwenye unga uliomwagika. "Daktari anapiga saa nne. Beniamina alikuja na kompyuta yake jana, bando langu limekwisha. Katiria, naomba."

Mikono ya Nei Katiria ilisimama ndani ya unga. Aliniangalia mimi, si yeye, na nikaona amejua nani amesema. Nilitaka ardhi inimeze.

"We mtoto una macho mabaya," alisema. "Fungeni mlango."

Alitoa simu ndani ya pipa la unga, imefungwa kwa mfuko wa plastiki. Nzima kabisa. "Megabaiti mia sita na kitu zimebaki. Nipe yako, Akenete. Kwanza nizime huu uchafu." Vidole vyake vyeupe vya unga vilikimbia kwenye simu ya Shangazi kwa kasi kuliko vya kijana yeyote wa maneaba. "Hii inapakia picha zako zote mawinguni kila ikiona mtandao. Zima. Hii inajisasisha. Zima. Hii inacheza video hata hujaigusa. Zima."

"Barua yake ilikuwa maneno hamsini tu," Shangazi alisema.

"Barua haikula kitu. Kompyuta ndiyo imekula. Ikishika hotspoti inadhani imefika kwa wazungu, inavuta kila ilichokosa tangu mwaka jana. Na wewe mwenye simu huoni, unaona joto tu."

Nilitazama chini.

"Na salio? Salio nililiweka kando."

"Bando likiisha inaingia kwenye salio."

"Haikuniuliza!"

"Haiulizi. Kama ndugu zako." Akawasha hotspoti yake, akaweka neno la siri refu, akaniangalia tena. "Na wewe ukilitoa hilo neno nitakuchemsha na ngozi."

Saa nne ilifika, simu ikakaa kimya. Saa nne na dakika tano. Chaji kumi na nne, maana kutafuta mtandao nako kunakula. Dakika tisa. Shangazi alikuwa anasali midomo ikienda bila sauti. Mimi nilikuwa nimeshaona kaburi dogo karibu na nyumba yetu, lenye mawe meupe. Sikutaka kuliona lakini nililiona.

Ikalia.

Uso wa daktari ulikuja vipande vipande, ukaganda, ukaja tena. Mama Meeri alikuwa anatafsiri. Watafungua kifua. Wataweka mlango mpya. Kuna watoto hawaamki, wachache, lakini wapo. Anakubali?

Picha ikaganda. "Shangazi, sema!" nilisema. Nei Katiria aliinua simu yake juu kwa mikono miwili, akapanda juu ya gunia la unga kama mtu anayening'iniza taa, na picha ikaachia.

"Ndiyo," Shangazi alisema. "Ndiyo. Ndiyo." Alisema mara nyingi kuliko walivyohitaji. Kisha tukamwona Teretia nusu dakika, na kofia ya karatasi kichwani. Alisema, "Mama, umevaa gauni la Jumapili," na simu ya Shangazi ikazimika. Mama Meeri alikuwa ameshapewa namba ya Nei Katiria.

Basi tukangoja huko nyuma ya banda la nguruwe la Nei Katiria, sisi watatu, tumechuchumaa kwenye harufu, maana mbele ya nyumba mtu angeiona simu. Nei Katiria alizima kila kitu isipokuwa ujumbe. Kila dakika kumi alituonyesha kioo na kukifunika tena. Saa sita. Saa nane. Hakuna aliyekula. Nguruwe alikuwa anapumulia shingo yangu na sikusogea, niliona kama nikisogea kitu kibaya kitatokea.

Saa tisa na robo simu ilitetemeka kwenye kiganja chake. Shangazi alifumba macho. Nei Katiria alisoma, akanipa mimi nisome kwa sauti.

"Ametoka. Ameamka. Anaomba samaki."

Shangazi aliufunika mdomo kwa gauni lake. Wakati huohuo, mbele ya nyumba, tukasikia sauti ya Beniamina.

"Nei Katiria! Vijana wamemwona Shangazi akikimbilia kwako, wanasema simu imefufuka. Nina bubuti ndogo!"

Nei Katiria aliganda. Miezi yote ya pipa la unga tangu Krismasi ilikuwa usoni mwake. Akanitazama, nami nikatazama chini.

Shangazi Akenete akasimama, akakung'uta magoti, akatokeza kichwa kando ya banda.

"Imekufa, mwanangu," alisema, yeye ambaye hajawahi kuficha hata kijiko. "Nimeiona kwa macho yangu. Ilizama."